Mlevi Aliyejifunga Waya

Mwisho wa mwaka 1997, wakati wa ile mvua kubwa ya El Ninyo, mzee Katoo alitolewa katika shimo la machimbo ya mawe upande wetu wa Kitengela. Shimo lilikuwa limejaa maji. Mikono yake ilikuwa imefungwa nyuma kwa waya wa ua. Waliomtoa walikuwa watu wazima wenye akili zao, tena mchana kweupe, na kila mmoja wao aliuona waya ule. Polisi walifika, wakautazama mwili, wakaandika kwamba marehemu alikuwa amelewa, akateleza, akazama.

Naanza na hayo ili asije mtu akadhani nina fumbo la kumtegulia. Fumbo halikuwepo. Katoo alikuwa mzee wa kanisa ambaye hakuijua ladha ya pombe. Alikuwa amekataa kumwuzia mwenye machimbo kipande cha ardhi kilicholitenga lile shimo na barabara ya lami. Wauza nyama walijua, mafundi wa kuchonga mawe walijua, hata waliohamia juzi kupanga nyumba walijua. Kilichokosekana ni mtu wa kusema kwa sauti.

Mtu huyo alikuja kuwa jirani yangu, Immaculate Aketch, ambaye wengi tulimwita Mama Whitney. Na nikikumbuka alivyotendewa kwa kusema, mpaka leo damu inanichemka.

Aketch alikuja kutoka Ugunja na mumewe Dalmas, aliyekuwa amepata kazi katika kiwanda cha saruji. Yeye mwenyewe alifungua chumba cha kupiga chapa kando ya barabara ya Namanga, akiwa na taipureta na mashine ya stensili ya kutolea nakala, aliyoinunua kutoka shule moja iliyokuwa ikijitakia kompyuta. Alichapa mitihani ya shule, ratiba za mazishi na mialiko ya harusi. Kazi ikipungua alisoma. Alisoma kitu kimoja tu: hadithi za wapelelezi. Si wale mabwana nadhifu wa Uingereza wanaokunywa chai huku wakitegua kitendawili cha nani aliyemtilia mama mkubwa sumu. Hao hakuwataka hata bure. Alipenda wale wa Marekani, wapelelezi wa kukodiwa, wanaume waliochoka, ofisi chafu, viatu vimekwisha soli, wanaopigwa na wahalifu jioni na polisi asubuhi, na ambao wakishaujua ukweli huwa hawana pa kuupeleka.

Vitabu hivyo alivitoa Nairobi, kwa wale wanaotandaza vya mtumba kwenye magunia kando ya barabara. Vilikuwa vimekwisha pita mikono mingi. Vingine havikuwa na jalada, vingine vilikuwa na muhuri wa maktaba ya mji ambao hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuusikia. Alikuwa navyo vya Kiswahili pia. Madereva wa malori kutoka Arusha walimletea hadithi za makachero wa Tanzania, wenye gari la kasi na bastola, wanaotumwa na serikali kuwawinda majasusi. Alivisoma vyote, lakini akivifunga alinung'unika.

"Mwalimu, hawa wa Tanzania wanatumwa na serikali," aliniambia siku moja. Mimi nilikuwa nafundisha Kiswahili katika shule ya msingi karibu na hapo, na alipenda kunijia na maneno yake. "Sasa mimi nikiwa na mtu ameuawa hapa Kitengela, serikali itamtuma nani? Itamtuma huyo huyo aliyekula na muuaji."

Rafiki yake mkubwa wa mambo hayo alikuwa Nurto, tuliyemwita Mama Jeylani, mwenye duka la vyakula na nguo lililotazamana na chumba cha Aketch. Walivyojuana ni hivi. Aketch alikuwa dukani akingoja kupimiwa mchele, kitabu wazi mkononi, na alipofika ukurasa wa mwisho uliokuwepo akatoa sauti kama mtu aliyeibiwa. Kurasa za mwisho zilikuwa zimechanwa.

"Kumetokea nini?" Nurto akauliza.

"Nimesoma kitabu kizima, na sasa sitajua ni nani alimuua dereva wa lori la machungwa!"

Nurto akaweka kopo la kupimia chini. "Machungwa? Kuna mpelelezi anakaa juu ya duka la kofia? Na mwanamke ako na glavu za kijani?"

Aketch akamkodolea macho.

"Ni huyo mwanamke," Nurto akasema. "Na yule askari mnene alijua tangu mwanzo. Alikuwa anapewa nyumba."

Nurto alikuwa amezaliwa Mandera, lakini mjomba wake alimchukua Mogadishu kusoma, zamani kabla ya vita, siku ambazo masomo ya juu kule yalifundishwa kwa Kiitaliano. Waitaliano walikuwa na vitabu vyao vya jinai vya jalada la njano, vyembamba, vilivyouzwa hata kwenye vibanda vya magazeti, na nusu ya vitabu hivyo ilikuwa tafsiri za wale wale Wamarekani. Nurto na wasichana wenzake walivisoma wakipokezana mpaka vikanyauka. Vita vilipozuka mwaka 1991 alirudi Kenya na watoto, vyombo vichache, na kitabu kimoja tu cha njano kilichosalia ndani ya sanduku la nguo.

Kuanzia siku hiyo walikuwa wakikaa barazani kwa Nurto wakibishana. Mmoja alikuwa amesoma hadithi kwa Kiingereza, mwenzake kwa Kiitaliano, na wote wawili wakaizungumza kwa Kiswahili ambacho hakikuwa lugha ya mama ya yeyote kati yao. Niliwahi kuwauliza ni kwa nini hadithi ya jambazi wa Marekani imependwa Italia, ikapendwa Mogadishu, ikaja kupendwa hapa kwenye vumbi letu.

Nurto alicheka. "Mwalimu, kila mahali kuna tajiri, na kila tajiri ako na askari rafiki yake. Hii hadithi haihitaji pasipoti."

Mwaka uliofuata kifo cha Katoo, Aketch alianza kuandika ya kwake. Mpelelezi wake alikuwa mwanamke, Konsolata, polisi aliyefukuzwa kazi kwa kukataa kubadilisha taarifa, ambaye sasa anauza samaki wa kukaanga na kuwatafutia watu ukweli pembeni. Mji aliuita Vumbini. Mzee wa kwenye hadithi hakuwa na jina la Katoo, wala mwenye machimbo hakuwa na jina la mtu yeyote tunayemjua. Mkuu wa polisi aliitwa Inspekta tu. Lakini shimo lilikuwepo, na maji yalikuwepo, na waya ulikuwepo, na katika sura ya pili Konsolata anamwuliza Inspekta swali ambalo lilikuja kurudiwa mji mzima: "Afande, huyu ni mlevi gani ambaye amejifunga mikono mwenyewe, tena kwa nyuma?"

Alikata stensili sura kwa sura, akazichapa, akazipiga pini, na kila mwezi aliacha nakala kwa Nurto. Wasiojua kusoma walisomewa. Asubuhi baraza lilijaa mama wa Kimaasai waliokuja mjini kuuza maziwa, na wakishauza walikaa wakisikiliza, Nurto akisoma, mmoja wao akiwafafanulia wengine kwa Kimaa pale Kiswahili kilipowashinda.

Miongoni mwao alikuwa Ruth, mjane wa Katoo. Aketch hakujua. Alikuwa akimwona kila siku na mitungi yake, wakisalimiana kwa Kimaa, takwenya na iko, lakini hakuwahi kujua kwamba huyu ndiye. Siku sura ya tatu iliposomwa, ile ambayo mzee anapelekwa shimoni, Ruth alisimama. Nurto akaacha kusoma. Aketch alikuwa mlangoni kwake ng'ambo ya barabara, akaona wanawake wote wanamgeukia, akavuka.

"Wewe ndiyo uliandika?" Ruth akamwuliza.

"Ndiyo, mama."

"Huyo ni bwanangu."

Aketch aliniambia baadaye kwamba hapo alitamani ardhi immeze. Alitaka kusema kwamba ni mambo ya kubuni tu, akaacha, kwa sababu hata yeye aliona ni uongo.

"Kuna mahali umedanganya," Ruth akaendelea. Hakupandisha sauti. "Umesema aliwaomba wamwachilie. Katoo hakuomba mtu. Mimi nilikuwa kwa nyumba wakati walikuja kumchukua, walisema wanaenda kuonyeshwa mipaka. Aliniambia, Ruth, fungia ndama. Basi. Ondoa hiyo ya kuomba."

"Nitaondoa, mama. Na kama hutaki niendelee, nitaacha kabisa."

Ruth akatikisa kichwa. "Nilienda kwa polisi mpaka viatu vyangu vikaisha. Nilienda kwa chifu. Hakuna mtu aliniuliza hata bwanangu alikuwa anaitwa nani. Wewe endelea."

Aketch alirudi chumbani, akakata stensili ya sura ya tatu upya, bila ile ya kuomba. Na Ruth akaipeleka hadithi nyumbani kwa njia yake. Jioni akina mama wakikamua, aliwasimulia kwa Kimaa, na wao wakawasimulia wengine upande wa Isinya na kuendelea. Kule ilibadilika kidogo. Nasikia katika masimulizi ya kule Konsolata hauzi samaki, kwa kuwa hakuna aliyeona sababu ya mtu mwenye akili kula samaki.

Wakati huu wote faili ya Katoo ilikuwa imelala. Kituo kile cha polisi sitakitaja, lakini mkuu wake, Inspekta Mutunga, hakuwahi kukanyaga boma la Ruth. Hakuwa na gari, alisema. Hakuwa na askari wa kutosha. Mvua iliharibu ushahidi. Basi sikilizeni. Mtu alipompelekea nakala ya hadithi iliyopigwa pini mbili, gari lilipatikana. Askari walipatikana. Kwa mtu aliyeuawa hakukuwa na hata baiskeli, lakini kwa hadithi zilikuja Landrova mbili.

Walifika saa ya chakula cha mchana. Waliibeba mashine ya stensili, wakaibeba taipureta, wakabeba hata karatasi nyeupe ambazo hazijaandikwa kitu. Kisha wakavuka barabara na kuingia kwa Nurto. Aketch aliwafuata akipiga kelele kwamba mwandishi ni yeye, yeye ndiye wamshike. Hawakumtazama. Mume wake alikuwa mfanyakazi wa kiwanda kikubwa, na kiwanda kina wanasheria. Lakini Msomali unaweza kumshika wakati wowote, na kosa utalitafuta njiani.

"Kitambulisho," askari mmoja akasema.

Nurto akatoa kitambulisho chake, pamoja na ile kadi ya rangi ya waridi ambayo Wasomali wa Kenya peke yao walilazimishwa kuwa nayo ili kuthibitisha kwamba ni Wakenya. Askari akazigeuzageuza. "Hii inaonekana si yako."

"Ni yangu. Nimezaliwa Mandera. Baba yangu alizaliwa Mandera."

"Utaeleza mbele."

Wakapekua rafu, na nyuma ya mabunda ya vitambaa wakakipata kile kitabu cha njano. Yule askari alikifungua, akakisoma mdomo ukichezacheza, asielewe kitu. Akakiinua juu kama mtu aliyekamata bunduki.

"Na hii ni lugha gani? Haya ni maandishi ya siri?"

"Ni Kiitaliano," Nurto akasema. "Ni hadithi."

"Hadithi! Kila kitu kwenu ni hadithi."

Wakamtia ndani ya Landrova mbele ya wateja wake, mwanamke ambaye hakuwahi kumpunja mtu mchele. Mimi nilikuwa nimetoka shuleni na nilimwona anapanda. Hakulia. Alishika ushungi wake usipeperuke, akamwambia Aketch, "Nifungie duka."

Dalmas aliporudi kutoka zamu alimkuta mkewe amevaa viatu vya kutokea. Mimi nilikuwa pale, kwa hiyo maneno yao niliyasikia kwa masikio yangu.

"Mama Whitney, tulia kwanza," Dalmas akasema. "Meneja ameniita leo. Ameniuliza kama bibi yangu ni mwanasiasa."

"Ulimwambia nini?"

"Nilimwambia unachapa mialiko ya harusi."

"Basi kesho mwambie ukweli. Nurto ako ndani kwa sababu ya kitu nilichoandika mimi. Ukitaka nitulie, niambie nitamtazama vipi nikienda kununua unga."

Dalmas alikuwa mtu mwoga, na simlaumu, mshahara wake ulikuwa unalisha watu mpaka Ugunja. Lakini alivaa koti lake akamsindikiza. Nilikwenda nao.

Inspekta Mutunga alitupokea ameketi. Mezani kulikuwa na nakala ya sura ya pili, imepigwa mistari myekundu kama insha ya mwanafunzi.

"Madam," akaanza, "wewe ni mama wa heshima, Mkristo. Kwa nini unatuletea mambo ya Wamarekani? Majambazi, damu, polisi wabaya. Hayo ni ya kwao. Sisi Waafrika hatuna hadithi kama hizo."

"Afande, Katoo aliuawa na Wamarekani?"

"Usinijibu hivyo!"

"Nakuuliza tu. Kama kuua watu ni jambo la Marekani, basi nionyeshe huyo Mmarekani aliyekuja na waya."

Inspekta akapiga meza. "Huo waya! Nani alikuambia kuhusu waya? Hilo ndilo nataka kujua. Hiyo ni habari ya polisi, haiko kwa ripoti, haiko mahali popote. Nani alikutolea siri ya ofisi?"

Niliona uso wa Aketch ukibadilika. Halafu akasema polepole, "Watu waliomtoa kwenye maji walikuwa wamesimama na macho yao, Afande. Mji mzima unajua."

"Mji unajua nini? Hakuna waya! Rudi nyumbani."

Alimwita askari atutoe nje. Nurto hatukuruhusiwa kumwona. Na nikiwa natoka nilikiona kile kitabu cha njano juu ya kabati, kimefungwa lebo ya kielelezo, wakati waya halisi, uliokata nyama ya mtu, haukuwahi kufungwa lebo na yeyote.

Asubuhi yake Aketch hakufungua chumba chake. Alikwenda barazani kwa Nurto, mlango ukiwa umefungwa, akakaa na akina mama wa maziwa, akawaeleza yote yaliyosemwa mezani kwa Inspekta, neno kwa neno. Ruth alimwomba arudie mahali pa waya. Akarudia. Ruth akafunika mtungi wake, akaondoka bila kuuza maziwa.

Wanawake walianza kufika kituoni keshoye. Walikuja kwa miguu, shanga shingoni, wengine na watoto mgongoni, kutoka Kitengela, kutoka Isinya, wengine kutoka mbali zaidi kuelekea Kajiado. Wakakaa chini nje ya lango. Hawakurusha jiwe wala hawakutukana mtu. Waliimba kidogo, wakanyamaza, wakaimba tena. Wazee wa kiume niliowaona pembeni walikuwa na wasiwasi kuliko polisi, kwa maana Wamaasai wanajua kwamba wanawake wakishatoka pamoja namna ile, si jambo la mwanamume kuingilia.

Inspekta alitoka akiwa amevaa kofia. "Mnataka nini hapa? Mnataka yule Msomali?"

Ruth alisimama. "Tunamtaka. Lakini kwanza tunataka waya."

"Waya gani?"

"Waya wa Katoo."

"Mama, nilishakuambia. Bwanako alikunywa pombe, akaanguka. Hakuna waya."

"Kama hakuna waya," Ruth akasema, "mbona ulimwuliza huyu mama ni nani alimtolea siri ya waya?"

Inspekta alimtazama Aketch, akanitazama mimi, akamtazama Dalmas aliyekuwa ameshika kofia yake ya kiwanda, nasi sote watatu tulikuwa tumesikia. Nyuma yake mlangoni askari wake wawili walikuwa wakitazama chini. Mwanamke mmoja akaanza kurudia neno lile, waya, na wengine wakalipokea, si kwa kelele, kwa sauti ya chini tu kama watu wanaosali.

Nurto aliachiliwa siku hiyo hiyo. Alitoka ushungi umepauka, amevimba jicho, na hakutaka kuulizwa lolote. Ruth alimpa maziwa. Alikunywa amesimama, kisha akasema, "Kitabu changu kimebaki huko." Aketch akataka kurudi kukidai, Nurto akamshika mkono. Hakikurudishwa kamwe. Natumaini kuna mtu mle ndani alijifunza Kiitaliano.

Sasa mtasema, basi haki ikatendeka. Haki gani? Baada ya majuma kadhaa alikuja ofisa mmoja kutoka Nairobi, kijana mwenye adabu, akaandika maelezo ya Ruth, akaandika ya waliomtoa Katoo majini, akatushukuru, akaenda na faili na hatukumwona tena. Inspekta Mutunga alihamishwa. Tulishangilia kwa siku moja, mpaka tukajua kwamba amehamishwa kwa kupandishwa cheo. Mwenye machimbo hakuulizwa hata jina. Alichofanya ni kuondoa vigingi alivyokuwa amekwisha kuvipigilia kwenye kile kipande cha ardhi, kimyakimya, akaelekeza lori zake njia nyingine. Ruth yuko pale hadi leo, na ng'ombe wake wanalisha mpaka ukingoni mwa shimo. Ardhi aliiokoa. Waliomuua mumewe anakutana nao sokoni.

Aketch alipata taipureta yake, imevunjika mkono. Mashine ya stensili ilirudi bila rola. Alimaliza hadithi hata hivyo, akiazima mashine ya shule yetu siku za Jumamosi, na mwisho wake ulikuwa kama ilivyotokea: Konsolata anajua, kila mtu anajua, na muuaji anafungua kiwanda kipya huku mchungaji akikibariki.

Mwaka 2003, serikali mpya ilipoingia na sote tukavimba vichwa kwa matumaini, aliupeleka mswada kwa mchapishaji mmoja Nairobi. Nilimsindikiza, kwa kuwa nilikuwa nimemsahihishia lugha. Mhariri alikuwa mtu mchangamfu, akasifu Kiswahili, akamsifu Konsolata, akasema hajawahi kuona mpelelezi muuza samaki.

"Tatizo ni mwisho tu," akasema. "Kitabu hakiwezi kuingia shuleni hivi, na bila shule Kiswahili hakiuzi. Inspekta amkamate mwenye machimbo. Kurasa chache tu, dada. Wasomaji wetu hawako tayari kwa giza kama hili."

"Wasomaji wapi?" Aketch akauliza.

"Wasomaji wa Kiswahili."

"Vitabu hivi vimesomwa na watu wa Marekani, wa Italia, wa Mogadishu. Mama Jeylani amevisoma akiwa msichana, hakufa. Hao wote walikuwa tayari. Ni sisi tu ndio tunatakiwa tudanganywe mpaka uzeeni?"

"Si kudanganywa, ni mafunzo."

"Ruth alinikataza kuandika kwamba mume wake aliomba. Neno moja tu, na nililitoa, kwa sababu lilikuwa uongo. Sasa nirudi nimwambie polisi walimkamata muuaji? Nimsomee hilo akiwa amekaa na mitungi yake?"

Mhariri alisema kitu kuhusu hali ya soko. Aketch alichukua mswada wake kutoka mezani, akazilinganisha pembe zake kwa viganja, kama alivyozoea kufanya na karatasi za mitihani, akauweka katika mkoba. Mlangoni aligeuka akamwambia yule mhariri asante kwa kumsifu muuza samaki wake.

Kitabu hakikuchapishwa. Kinatembea bado, kimetolewa fotokopi ya fotokopi, herufi zimefifia, kuanzia Ngong hadi Loitokitok. Nimekiona kwa mwanafunzi wangu mmoja mwaka jana chini ya dawati, katika somo la Kiswahili, mimi nikifundisha ngeli. Nilimwacha asome. Aketch ameandika kingine tangu hapo, safari hii kuhusu wanaouza shamba moja kwa watu wengi na ofisi inayowapigia mihuri, na Nurto ndiye anayekisoma wa kwanza, akimrudishia sura zenye unga wa ngano na maneno makali. Dalmas alikwishastaafu. Hukaa mlangoni kwa mkewe na gazeti, na mtu asiyemjua akisimama kuuliza kama hapa ndipo zinapopatikana zile hadithi, hainui macho. Humwuliza kwanza anafanya kazi wapi, asije akawa askari.